Kabla Hujaenda Kariakoo Kununua Spika, Nisikilize

Jumapili usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kahama. Kaandika hivi: "Dada, nimesikia unatengeneza spika mwenyewe. Nina elfu themanini. Nimeshanunua spika nne za gari za mtumba, sumaku zake nzito kweli kweli. Sasa nataka fundi anipigie boksi moja kubwa ziingie zote. Nimwambie ukubwa gani?"

Niliusoma mara tatu, nikaiweka simu juu ya meza ya cherehani, nikashindwa kuendelea na kazi. Kijana huyu ni mimi wa miaka minne iliyopita. Najua kabisa kinachomsubiri. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini najua mko wengi mnaotaka muziki safi sebuleni na hamna milioni ya kununua redio ya maana, kwa hiyo jibu lake naliandika hapa mlisome wote.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mwaka wa 11 sasa. Umeme sikuusomea. Lakini fundi cherehani anakaa na redio kuliko anavyokaa na mume wake, na mimi napenda taarab ya zamani, ile ambayo fidla inalia, kodiani inaitikia na ganuni inapita katikati kama maji. Sabufa niliyokuwa nayo dukani ilikuwa na herufi kubwa mbele: PMPO, wati elfu moja na ushee. Besi yake ilikuwa mlio mmoja tu, dum, dum, kwa kila wimbo. Fidla husikii. Baada ya miezi 7 ikafa.

Hapo hapo niseme jambo kuhusu hizo PMPO, maana zinawala watu hela kila siku. Hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha namna ya kuzihesabu, kila mtengenezaji anaandika anachotaka. Wewe geuza chaja ya redio yako usome nyuma. Yangu ilikuwa volti 12, ampea 3. Zidisha: wati 36. Umeme unaoingia ni wati 36, hizo elfu zinatoka wapi? Ukienda dukani uliza wati za RMS, yaani zile redio inazoweza kuzitoa mfululizo. Muuzaji asipojua, amini chaja.

Basi, nikasema nitatengeneza ya kwangu. Nilipanda basi la alfajiri pale Msamvu nikaenda Kariakoo na laki mbili niliyoipata kwa kushona sare za kwaya usiku na mchana. Nikanunua spika nne za inchi 8. (Humu ndani nikisema spika tupu, namaanisha lile duara lenye sumaku, lile sanduku nitaliita boksi, tusichanganyane.) Muuzaji alinipa moja mkononi, akaniambia, "Mama, pima uzito huo, hiyo ni besi tupu." Nikaamini uzito. Sikuuliza ohm, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, wala sikujua kama kuna kitu kinaitwa ohm.

Seremala nikamwambia anipigie boksi kubwa la kuvutia. Alipiga misumari bila gundi, na mgongoni akaweka ubao mwembamba kama wa nyuma ya kabati. Nikaunganisha spika mbili mbili kila upande, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kila moja ilikuwa ohm 4. Leo najua kwamba ohm 4 mbili ukiziunganisha hivyo zinakuwa ohm 2, na amplifaya yangu, ile inayokuza sauti, ilikuwa ya ohm 4 kwenda juu; chini ya hapo inavutwa umeme mwingi mpaka inaungua. Siku ile nilijua tu kwamba waya zimefika.

Nikalipeleka boksi kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nililitangaza wiki nzima. Likapiga kama dakika 40, ule mgongo mwembamba ukitetemeka mpaka glasi za meza ya jirani zinaitikia. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na kimya. Wageni zaidi ya 60 wamekaa, keki haijakatwa, na watu wote wananitazama mimi. Akaitwa fundi redio wa mtaani. Akafungua, akaangalia, akasema mbele ya watu, "Mama, huku hakuna sindano. Rudi kwenye magauni yako." Watu wakacheka, na dada yangu naye alicheka.

Maneno yale bado yananiuma, sitaficha. Kila siku napita mbele ya duka lake nikienda sokoni.

Niliacha kwa miezi mitano. Kilichonirudisha ni jaribio dogo ambalo nakuomba na wewe ulifanye leo, kabla hujatumia hata shilingi. Chukua spika tupu moja, iunganishe kwenye redio, iweke ipige kwa sauti ndogo ukiwa umeishika mkononi. Utasikia kasauti kembamba, besi hakuna. Sasa chukua boksi la karatasi, la sabuni au la biskuti, likunjue liwe kipande kipana, toboa duara katikati sawasawa na spika, ibane pale. Besi inatoka hapo hapo, bila kuongeza wati hata moja. Nilishtuka mpaka nikaitoa na kuirudisha mara sita.

Sababu yake ni hii. Karatasi ya spika ikienda mbele inasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya nyuma ikizunguka ikakutana na ya mbele, zinauana, na inayokufa zaidi ni besi. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuitenga sauti ya nyuma. Tundu la skrubu lililosahaulika, ufa kwenye kona, mgongo mwembamba, vyote vinarudisha ile ile vita. Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnichoke: unachosikia ni boksi. Sumaku nzito ndani ya boksi bovu ni hela uliyoitupa.

Boksi langu la pili lilinifedhehesha kwa namna nyingine. Nilitaka boksi la lita 20. Nikapiga hesabu: sentimita 22 kwa 25 kwa 36, ukizidisha unapata 19,800, karibu kabisa na lita 20. Nikakata MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 kwa vipimo hivyo, nikabana, nikapaka rangi. Sauti ya mwimbaji ikawa kama anaimba ndani ya ndoo. Nilikaa na mabaki ya mbao mkononi usiku mzima kabla sijaelewa: nilikuwa nimepima nje. Ule unene wa mbao, milimita 18 kila upande, ulikuwa umekula ndani. Ndani palibaki 18.4 kwa 21.4 kwa 32.4, yaani lita 12 na kitu. Lita 7 zimepotea. Na mimi ni mtu ambaye kila siku nawafundisha wasichana wangu kwamba ukikata gauni bila kuacha nafasi ya mshono, mteja hataingia!

Kuanzia hapo nikaacha kuwaza kama mtu anayeiga mafundi redio, nikawaza kama fundi cherehani. Nachora kila ubao kwenye karatasi kwanza, ukubwa wake kamili, naziunganisha karatasi kwa pini, naona zinakutana au hazikutani. Ndipo natoka kwenda kwa seremala. Wewe pia una kazi yako unayoijua, ya uashi, ya kupika, ya hesabu. Ilete humu. Usikubali mtu akwambie eti huku hakuna sindano.

Mara ya tatu nikatengeneza jozi, na ndiyo hii iliyopo dukani kwangu sasa. Mbao ni masalia ya MDF niliyopewa na mafundi fanicha kwa elfu 15, na elfu 5 ya kukatiwa kwa mashine, kwa sababu msumeno wa mkono haunyooki na pembe isiyonyooka ndiyo ufa wenyewe. Spika mbili za inchi 6 na nusu, ohm 8, elfu 50. Twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, elfu 16. Kapasita, kile kidude cha kuikinga twita, elfu 3. Gundi, silikoni na skrubu elfu 17. Saketi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 elfu 35, na umeme inapata kwenye chaja ya laptop iliyokufa, volti 19. Jumla laki moja na elfu 41. Kwa chaja hiyo, kila upande haupati hata wati 23 safi, na huwa sifiki nusu ya sauti kabla majirani hawajaanza kuulizana.

Gundi nilipaka kila ukingo, na kwa kuwa sina vibano nilizungushia mipira ya ndani ya tairi la baiskeli, nikavuta mpaka gundi ikatoka jasho kwenye maungio yote. Ikakaa usiku kucha. Asubuhi nikapitisha silikoni ndani, kona zote, kwa kidole. Kisha nikaweka spika, nikawasha mlio mzito wa hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) kutoka kwenye simu, nikapitisha kijiti cha udi polepole kando ya kila ungio. Moshi wa udi unapanda wima. Ukifika penye uwazi unacheza, unasukumwa na kuvutwa. Niliupata mmoja, chini ya waya zinapoingilia, tundu lisilozidi njugu mawe. Nililiziba. Tofauti niliisikia kwa sikio langu, sikuhitaji mita.

Boksi lako la kwanza lifunge kabisa, usiweke tundu wala bomba. Najua bomba linapendeza na linaongeza besi, lakini bomba lazima lipimwe kulingana na spika yenyewe, na spika zetu za bei rahisi haziji na vipimo. Boksi lililofungwa linasamehe makosa. Ukibahatika kupata spika yenye karatasi ya vipimo, tafuta Vas (lita za hewa zinazolingana na ulaini wa spika) na Qts (namba ya jinsi spika inavyojizuia kutikisika). Hivyo vinaitwa vipimo vya Thiele na Small: Neville Thiele, mhandisi wa Australia, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Gawanya 0.7 kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawanya Vas kwa hicho ulichopata. Vas ikiwa lita 20 na Qts 0.45, boksi lako ni lita 14 hivi. Za ndani. Sirudii tena habari ya unene wa mbao.

Twita usiiunganishe bila kapasita, itaungua. Kwa twita ya ohm 8, kapasita ya mikrofaradi 3.9 inaizuilia sauti za chini ya hezi 5,000 hivi. Iwe ile isiyo na chanya wala hasi.

Na kitambaa cha mbele, hapa nisikilizeni mimi. Nimeona watu wanafunika spika kwa kitenge kizito. Kitenge kinazuia trebo, zile sauti nyembamba. Weka kitambaa mdomoni, puliza, na kiganja kiwe upande wa pili. Ukisikia pumzi yako vizuri, kinafaa. Mimi nilitumia kitambaa cha jezi chenye vitundu.

Mwezi uliopita kikoba chetu kilikutana uani kwangu, nikaweka taarab. Mama mmoja mtu mzima, ambaye utotoni alikaa Tanga na baba yake akipiga fidla kwenye kikundi, aliacha kuhesabu hela. Akasogeza kiti chake mbele ya boksi la kulia, akakaa hapo nyimbo tatu bila kusema neno. Tangu siku hiyo wameniagiza watu watatu. Nasema hivi kwa kujivunia na sioni aibu.

Wapendwa, tuache kununua uzito na maandishi. Vijana mnashinda njaa ili mnunue spika ya inchi 12, halafu mnaitia kwenye sanduku la ubao wa dari. Subira ya usiku mmoja wa gundi kukauka inakushinda, lakini laki mbili hujali. Pima, chora, pima tena, pima za ndani.

Sasa wewe mdogo wangu wa Kahama. Hizo spika nne, azima mita upime ohm kila moja. Ikisoma 3 na kitu, hiyo ni ya ohm 4. Ikisoma 6 hivi, ni ya ohm 8. Ibonyeze karatasi taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza ndani, imeshakufa. Angalia mpira wa pembeni. Kama ni sponji na inamomonyoka ukiigusa, usiitumie. Chagua mbili nzima zinazofanana, mbili uziuze uongezee hela ya mbao. Tengeneza maboksi mawili, kulia na kushoto, la moja kubwa lisahau. Kabla hujaunganisha, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: karatasi ikitoka nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika, utie alama. Na kabla hujafunga mgongo wa boksi, piga picha kona za ndani unitumie. Nipo kwenye simu baada ya saa mbili usiku, nikishafunga duka.