Uliza Mzee wa Barabara: Futa Iringa, Panda Lushoto

Maswali ya wasomaji hujibiwa na dereva mstaafu wa mabasi ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

SWALI: Assalam aleikum, Mzee. Nimenunua HiAce ya dizeli iliyokuwa matatu. Viti nimeng'oa, na fundi wa mbao hapa mtaani ananitengenezea kitanda na kabati. Shule zikifungwa Agosti nataka tutoke wiki mbili: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na mama mkwe, ambaye amesema haachwi nyuma. Mke wangu anataka bahari, mimi nataka milima na baridi. Nimepanga tupite Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam, Iringa, Dodoma, Arusha, kisha turudi kwa Namanga na Nairobi. Naomba uniangalizie ratiba hii.
*Baba Watoto, Bamburi*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa na ratiba yako na ramani, na neno langu la kwanza ni hili: futa Iringa, na Dar uifute pia. Njia uliyoandika inapita kilomita 2,300. Dar hadi Iringa peke yake ni kama kilomita 500, tena kwenye barabara ya malori yanayokwenda Zambia. Mtaishi kwenye viti, na watoto watakachokumbuka ni kisogo chako. Abiria wa basi anataka kufika, basi. Wewe umebeba nyumba. Ukisimama, pana kutandika, kuchota maji, kupika, kuosha vyombo, kuogesha watoto, na yote hayo yataka mwangaza. Kwa hivyo injini izimwe kabla ya saa kumi alasiri, na kila mnapolala pawe pa siku mbili angalau.

Upo mzunguko utakaompa mkeo bahari na wewe baridi yako: Mombasa, Shimoni, Tanga, Pangani, Lushoto, Same, Taveta, Wundanyi, Voi, nyumbani. Wote ni kama kilomita 1,000. Ukiweka na kwenda sokoni na kupotea njia, sema 1,200. HiAce yenye mzigo ihesabie kilomita 9 kwa lita, ukatenge dizeli lita 130 hivi. Kwa ratiba yako ya kwanza ungetumia karibu maradufu.

Kabla ya njia, niseme la mama mkweo. Ndani ya HiAce mtalala wewe, mkeo na watoto, tena kwa kubanana. Mtu wa tano, tena mzima, hana nafasi, na kumlaza mama kwenye kiti cha mbele kwa wiki mbili si heshima. Kila mtakapoegesha, muwe kwenye ua wa nyumba ya wageni au kambi yenye vyumba. Yeye achukue chumba, nanyi mlipe kuegesha. Choo na bafu mtakuwa mmepata hapo hapo. Na njiani, wote watano wawe na kiti chenye mkanda kilichofungwa kwenye sakafu ya gari. Kitanda si kiti. Mtoto aliyelala kitandani gari likienda, breki moja ya ghafla itamtupa hadi kwenye kioo cha mbele. Umesema viti umeng'oa. Rudisha safu moja kabla fundi hajapigilia msumari mwingine. Kisha mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, maana mpakani wanalinganisha gari na logbook, yaani hati ya umiliki wa gari, na logbook inayosema matatu ya abiria itawaweka juani nusu siku.

Karatasi nyingine: pasipoti za wote hata watoto, kadi za chanjo ya homa ya manjano, logbook yenyewe, na kadi ya manjano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, ambayo Tanzania inaikubali. Gari likiwa kwa jina la mtu mwingine au lina mkopo, beba barua ya ruhusa. Trafiki wa Tanzania atataka kuona mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Akina afande wa nguo nyeupe wanakaa mwanzo na mwisho wa kila kijiji, na kijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Shuka hadi 50 pale pale penye kibao, usingoje kuona nyumba.

Sasa njia. Tokeni alfajiri kwa Dongo Kundu, gari zito lisikae kwenye foleni ya feri ya Likoni. Lengo la siku ya kwanza ni Shimoni tu. Watoto wapelekeni kwenye mapango ambamo watumwa walifungiwa, na waelezwe kweli yake bila kufichwa. Wa miaka 9 anaelewa. Siku ya pili chukueni mashua kwenda Wasini na Kisite, kuna pomboo na matumbawe. Agosti bado ni msimu wa upepo wa kusi, bahari huchafuka mchana, kwa hivyo muondoke asubuhi mapema. Pale Wasini kina mama wa kisiwa wametengeneza njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu, katikati ya mikoko. Lipeni, mtembee polepole. Bibi naye ataiweza.

Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja, mnagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia upande mnaoingilia. Kutoka hapo hadi Tanga ni kama kilomita 65, na kabla ya mji, upande wa Kiomoni, yapo mapango ya Amboni. Ingieni na mwongozaji, muwe na tochi, na viatu visivyoteleza. Tanga mjini nunueni mboga na samaki, jazeni maji. Kisha shukeni Pangani, kama kilomita 50 kusini, mkisimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mtu wa Mombasa akiona nguzo zile hahitaji kuelezwa, ni wazee wale wale waliojenga Gede na Jumba la Mtwana. Barabara hii imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, ulizeni hali yake Tanga kabla ya kuondoka.

Pangani mpeni mkeo siku tatu. Mji umekaa kwenye mdomo wa mto, nyumba zake za kale zina milango ya kuchonga, na ng'ambo, kwa kivuko cha Bweni, kuna fukwe ndefu zisizo na msongamano. Ni mji wa historia nzito pia: hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim Desemba 1889, mwaka mmoja baada ya yeye kuwaongoza watu wa mwambao kuwapinga. Napenda watoto wa pwani yetu walijue jina hilo.

Halafu milima yako. Rudini Tanga. Kutoka hapo mnapita Muheza na Segera, mashamba ya mkonge pande zote, zao lililoletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mnapita Korogwe, mnafika Mombo. Hapo simameni hata kama mko sawa. Kagua maji ya injini, gusa rimu zote nne kama kuna iliyopata moto kuliko nyingine. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, mlima mkono mmoja na korongo mkono wa pili, kona juu ya kona, na mabasi yanayoshuka yanaijua njia kuliko wewe. Piga honi kila kona usiyoiona mwisho. Mvua kubwa ikinyesha laleni Mombo, maana udongo huporomoka.

Kupanda hakunitii wasiwasi. Kushuka ndiko. Gari la kulala lina uzito ambao matatu haikuwa nao: kitanda, kabati, betri, gesi, na maji, ambayo kila lita ni kilo moja. Dereva akishuka na mguu juu ya breki toka Lushoto hadi Mombo, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Shuka na gia ya pili tangu juu kabisa, injini ndiyo ikushikilie. Breki ikanyagwe kwa nguvu, kwa muda mfupi, kabla ya kona kisha iachiwe. Kabla hujatoka Bamburi badilisha mafuta ya breki yote, hata fundi akikwambia bado ni mazuri. Tairi ziwe zile za mzigo zenye herufi C, na spea iwe nzima kama zile nne. Maji yapange chini, karibu na ekseli, usiweke kitu kizito juu ya paa. Mwanangu, katika barua yako yote ya kitanda na kabati hukutaja breki wala tairi hata mara moja, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Lushoto iko juu ya bahari kama mita 1,400. Agosti usiku mtatafuta blanketi nzito, tena watoto wetu hawajazoea. Nendeni Irente mkaone ukingo wa Usambara unavyokatika ghafla na tambarare ya Mombo na Mazinde kulala chini huko. Karibu na hapo kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanaotengeneza jibini na mkate wao wenyewe. Sokoni mtapata mboga za baridi ambazo kwenye soko letu la Kongowea hufika zimenyauka. Kaeni siku nne. Msiende popote, tembeeni kwa miguu.

Kurudi, piteni Same mkiwa na milima ya Pare kuliani, hadi Himo, kisha Holili na Taveta. Taveta hadi Voi ni lami nzuri ya kama kilomita 110, lakini inakatiza Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka bila kumsubiri mtu. Ipite mchana mtupu. Njiani, Mwatate, kuna kona ya kupanda Wundanyi. Mkiwa na siku mbili za ziada, vilima vya Taita vina baridi na msitu, na mtakuwa mmesharudi nchini. Siku ya mwisho, Voi hadi Mombasa, ni kama kilomita 155 zenye malori mengi. Ondokeni alfajiri, msimame Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la walii, mama apumzike, mfike nyumbani kabla ya jua kuzama.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na rafiki zangu wawili, wasichana, tuna Noah. Tunataka kwenda Lamu, tukilala ndani ya gari ufukweni kokote tutakapopapenda. Inawezekana?
*Binti wa Likoni*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Lamu gari haliingii mjini. Linabaki Mokowe, nanyi mnavuka kwa boti. Mji wa Lamu mtembee kwa miguu, njia zake ni za watu na punda. Kipande cha Garsen, Witu hadi Mokowe kimekuwa na mashambulizi miaka iliyopita, kwa hivyo mkifika Malindi waulizeni polisi kwanza. Wakisema msubiri msafara wenye ulinzi, subirini. Wakisema msiende, gari liacheni Malindi mtafute ndege ya kwenda Manda, kwenye kiwanja cha ndege cha Lamu. Kati ya Mombasa na Malindi mna mengi ya kuwatosha wiki nzima: Gede, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, mikoko ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, na, mkipita Malindi kidogo, korongo la Marafa, ambalo mkiingia saa kumi jioni kuta zake huwa nyekundu, machungwa na nyeupe.

Kulala ufukweni kokote, hapana. La kwanza ni usalama wenu: laleni kwenye ua wenye askari na taa. La pili ni maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mchanga mliouona mkavu magharibi unaweza kuwa chini ya bahari alfajiri. Gari likizama magurudumu, mawimbi hayangojei trekta. Egesheni juu ya mstari wa mwani uliokauka, kwenye udongo mgumu wenye majani, kwa idhini ya mwenye mahali. Mkirudi, osheni chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, maana chumvi hula chasisi polepole mkiwa hamjui.

SWALI: Mzee, mvua ikinyesha tunaweza kuwasha jiko la makaa ndani ya gari, tukiacha dirisha moja wazi kidogo?
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Msithubutu. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na dirisha moja halitoshi. Inaua watu wakiwa wamelala, na hufanya hivyo hata kwa jiko lililobaki majivu yenye joto. Pikeni nje chini ya turubai lililofungwa kwenye mlango wa nyuma, kwa meko ya gesi ya kilo 6, na usiku mtungi ufungwe valvu yake kabisa. Mvua ikizidi, kuleni mkate na ndizi, mtapika kesho.