Biashara ya jioni, daftari na mkaguzi aliyenishika mkono

Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa kazi mbili. Mchana nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja, jioni nikawa nachapa na kujalidi ripoti za watu chumbani kwangu. Nilianza kwa sababu ile ile inayowaanzisha wengi: mshahara ulikuwa hauvuki mwezi. Sikuwa na mawazo yoyote ya kukuza taaluma. Ndiyo maana nikisikia watu wakishauriwa kwamba wakianzisha biashara ya pembeni watapanda kikazi, huwa nasita kidogo. Yangu mwaka wa kwanza haikunipandisha popote. Ilinichosha tu, na nusura initie matatani ofisini.

Niwasimulie usiku wa nakala 40.

Mteja alitaka ripoti yake ikiwa imejalidiwa kufikia saa mbili asubuhi. Nilichapa tangu jioni, nikapanga, nikapaka gundi, nikabana. Mnamo saa sita usiku, nikiwa nimefika nakala ya 31, nikaifungua moja ili niione inavyopendeza. Sura ya tatu ilikuwa imetangulia ya pili. Nikafungua nyingine, vilevile. Nyingine tena, hali ni ile ile. Gundi ilishakauka. Sikuwa na la kufanya ila kukata migongo yote kwa wembe, kutenganisha kurasa na kuanza upya, na zile zilizochanika nikazichapa tena. Nilimaliza alfajiri, nikaoga, nikaenda kazini moja kwa moja.

Siku hiyo, kwa macho mekundu, niliingiza malipo ya mteja mmoja wa kampuni: 360 badala ya 630. Mwisho wa wiki hesabu zikagoma kulingana. Tofauti ilikuwa 270. Nilizihangaikia muda mrefu, na mwishowe akaja mzee wa ukaguzi wa ndani, mtu aliyebakiza miaka michache astaafu. Akaiangalia ile 270 kama anayetazama sura ya mtu anayemjua.

"Inagawanyika kwa 9," akasema. "Tafuta mahali ulipobadilisha tarakimu nafasi."

Huo ni ujanja wa zamani wa wahasibu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayopatikana lazima igawanyike kwa 9. Hainiambii kosa liko wapi, lakini inaniambia nitafute nini. Nililipata dakika chache baadaye. Kisha mzee akavuta kiti.

"Usiku unafanya nini, mwanangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia yote, hadi ile gundi iliyokauka. Nilitegemea kukaripiwa. Badala yake akauliza, "Daftari la biashara yako liko wapi?" Nikamjibu sina, nakumbuka kichwani. Akatikisa kichwa. "Mali bila daftari..."

"Hupotea bila habari, mzee," nikamalizia.

"Kumbe unaijua. Niletee daftari Ijumaa."

Sikumwomba awe mshauri wangu, wala yeye hakujitangaza kuwa mlezi wa mtu. Alitaka kuona daftari tu. Watu wengi wananiuliza namna ya kumpata mtu wa kuwalea kikazi, na naona wanakosea mahali hapa: wanamwendea mtu mwenye shughuli zake na kumwomba awe mshauri wao, ombi zito lisilo na umbo. Hajui amekubali nini. Mwendee na kitu kimoja kinachoshikika, kama hesabu isiyokaa sawa, barua unayotaka kuituma, au makadirio ambayo mteja ameyakataa. Akikusaidia, rudi umwambie ulifanya nini na kikatokea nini. Hapo ndipo uhusiano unapoanza, aghalabu bila hata mmoja wenu kuupa jina.

Ijumaa ilipofika nilikuwa na daftari la kurasa sita. Upande mmoja fedha zilizoingia, upande mwingine karatasi, wino na gundi. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimepata faida nzuri. Mzee akasoma kimya, kisha akaniuliza maswali matatu, na kila swali likaimega ile faida.

La kwanza: nani anakulipa wewe? Tulihesabu saa zangu za jioni, zikawa 14 kwa wiki. Tulipozithamini kwa kiwango kile kile ambacho kampuni ilinilipa kwa saa, faida yote ikatoweka na deni kidogo likabaki. La pili: printa itakufa lini? Sikulielewa. Akanifafanulia kwamba mashine ina idadi ya kurasa inazoweza kuchapa maishani mwake, kwa hiyo kila ukurasa unaotoka unaondoka na kipande cha bei ya mashine. Usipokitenga kila mwezi, siku itakapokufa utalazimika kukopa ununue nyingine, nawe ulikuwa ukijiona tajiri. La tatu: hawa walioandikwa "atalipa" ni kina nani? Walikuwa tisa. Wawili nilikuwa nimekwisha kusahau nyuso zao.

Hilo swali la pili lilinichoma zaidi ya mengine. Kila mwezi kazini nilikuwa naingiza uchakavu wa magari na mashine za kampuni. Nilikuwa nimeingiza takwimu hizo miezi mingi, kwa usahihi kabisa, na sikuwahi kujiuliza zina maana gani. Zilikuwa mstari wa kujaza. Ilibidi niione printa yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa fedha zangu, ikielekea kufa kidogo kidogo, ndipo nikaelewa kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Hiki ndicho ambacho ningependa mtu anayefikiria kazi ya ziada akitafakari. Kazini makosa yako humezwa na kampuni. Ukikadiria vibaya, kuna mtu juu yako atakayerekebisha, na mshahara utaingia tarehe ile ile. Kwenye biashara yako kosa linatoka mfukoni mwako jioni hiyo hiyo. Lakini uchungu peke yake haufundishi. Mimi nilikuwa nimeumia mwaka mzima bila kujifunza kitu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza swali la printa. Biashara ilinipa makosa, mzee akanisaidia kuyasoma.

Baada ya hapo mambo yalibadilika taratibu, na si yote kwa uzuri. Nilipandisha bei nikapoteza wateja kama theluthi moja hivi. Nilianza kudai malipo ya awali, nusu kabla ya kuchapa, na wale waliozoea "nitakuletea kesho" wakakasirika. Nilipunguza jioni za kazi kutoka tano hadi tatu. Mzee ndiye aliyenisukuma kwenye hilo la mwisho, kwa hoja rahisi: kampuni ndiyo inayokulipa kodi ya nyumba, usiipelekee mabaki ya nguvu zako. Marehemu baba yangu alikuwa na msemo wa mshika mbili moja humponyoka, na kwa muda mrefu nilidhani mzee amekuja kumpinga. Kumbe walikuwa wanasema jambo moja. Za kwangu zilikuwa mbili, ila nilikuwa nimezishika zote kwa mkono mmoja.

Cheo kilikuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Kampuni ilitaka kuchapisha ripoti yake ya mwaka, na makadirio ya mchapishaji yakapitishwa mezani petu ili tuyahakiki. Wengine waliangalia jumla. Mimi niliangalia mstari wa karatasi. Kwangu nilikuwa napoteza takriban rimu moja katika kila 20, nami ni mtu wa chumbani mwenye mashine ndogo. Yeye alikuwa ameweka upotevu mara kadhaa ya huo. Nikaomba kwa adabu aulizwe. Aliulizwa, akapunguza bila ubishi mwingi. Mkuu wangu wa idara akaniuliza nimejulia wapi mambo ya karatasi. Baada ya muda nikawa mtu wa kuitwa kila makadirio yanapoletwa, na mwaka uliofuata nikahamishiwa kitengo cha manunuzi kwa daraja la juu zaidi.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na mtego. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishika bega akaniambia, "Si kazi hiyo uichukue wewe tu?" Nikakiri, nilishawishika. Nilimpelekea mzee wazo hilo, na ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. Akaniambia nisome mkataba wangu wa ajira siku hiyo hiyo, niandike barua kwa ofisi ya utumishi nieleze kwamba nina biashara ya kuchapa, na niahidi kwa maandishi kwamba sitaomba kazi yoyote ya kampuni wala kutumia saa, karatasi au mashine zake. Niliogopa barua hiyo itanifukuzisha. Ilipokewa, ikawekwa kwenye faili langu, basi. Nilipohamishiwa manunuzi na mtu akanong'ona kuhusu biashara yangu, barua ile ndiyo iliyonijibia.

Huwa namkumbuka Steve Wozniak hapo, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple. Alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard alipobuni kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, na mwaka 1976, kabla ya kuiuza na wenzake, aliipeleka kwanza kwa mwajiri wake. Wakaikataa. Aliondoka na moyo mweupe, na hakuna aliyeweza kumdai. Mikataba mingi ina kifungu kuhusu kazi za nje au kuhusu mali ya ubunifu wa mfanyakazi, na wengi wetu tulitia saini bila kufika ukurasa huo. Kisome kabla hujanunua mashine.

Kuhusu wateja nina jambo dogo. Nilidhani faida yao ni fedha tu. Nikija kuhesabu, nafasi mbili za kazi nilizowahi kudokezewa maishani zilitoka kwa watu niliowajalidia ripoti, watu ninaokutana nao mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimwona mara moja moja, na 27.8 kwa nadra sana. Maelezo yake yanaingia akilini: marafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, ila mtu wa mbali anatoka kwenye duara lingine. Biashara ndogo hukutanisha na watu wa mbali kila wiki, tena wakiwa wamekwisha kuona unavyofanya kazi.

Sasa, kuacha kazi. Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi muulizaji ameshaamua, anatafuta wa kumpigia makofi. Mimi sikuacha, kwa hiyo nipimeni hivyo. Ila kuna utafiti wa Joseph Raffiee na Jie Feng wa mwaka 2014 ulioonyesha kwamba walioanza biashara wakiwa bado wameajiriwa, kisha baadaye wakahamia kwenye biashara kikamilifu, hatari ya biashara zao kufa ilikuwa pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na walioacha kazi siku ya kwanza. Phil Knight alianza kuuza viatu mwaka 1964 akishirikiana na Bill Bowerman, aliyekuwa kocha wake wa riadha chuoni, kila mmoja akitoa dola 500. Knight hakuacha kazi yake ya uhasibu hata hivyo. Aliendelea nao, baadaye akafundisha somo hilo chuoni, na hadi mwaka 1969 ndipo akaingia kwenye viatu vyake kwa siku nzima. Kampuni hiyo leo ni Nike. Nawataja si kwa sababu sote tutakuwa mabilionea, bali kwa sababu ya ile miaka mitano ambayo kwenye masimulizi hupitiwa kwa sentensi moja. Miaka mitano ya kuamka na kwenda kazini ni mingi.

Na kuna jambo ambalo wanaosifia washauri hawalisemi. Mshauri hukosea. Mzee alinisihi niachane na kazi ndogo ndogo za wanafunzi, nakala moja moja, akisema zinakula muda. Kwa hesabu alikuwa sahihi. Nilimsikiliza miezi mitatu nikazirudisha, maana ndizo zilizokuwa zinawaleta wale wateja wa ripoti nyingi: mwanafunzi wa leo ni afisa wa kesho kutwa, na anakumbuka nani alimjalidia kazi yake ya mwisho usiku wa manane. Nilimweleza. Akaomba aone daftari. Akakaa nalo kitambo, akageuza kurasa mbili nyuma, akarudi mbele.

"Hapa umenishinda," akasema, akanirudishia. "Lakini huyu wa mwezi wa nne bado hajalipa."