Kongoro, bamia na goti la maabara

Wiki jana niligusia hapa kwamba maabara hutunza gegedu hai ili kuchunguza magoti yanayosagika. Maswali yamemiminika, nimechukua manne.

Ina maana wanaotesha goti, kama miche ya migomba ya tishu? (Area C)

Hapana, ndugu yangu. Mche ule utakuwa mgomba, ila kipande cha gegedu hakiwi goti hata siku moja. Ukinywa supu ya kongoro, tazama ncha ya mfupa: kuna tabaka jeupe, linang'aa na kuteleza. Ndilo gegedu lenyewe. Watafiti wengi hulitoa machinjioni, kwenye kiungo hichohicho cha mguu wa ng'ombe. Hukata vipande vya milimita chache na kuviweka kwenye maji yenye virutubisho, nyuzi joto 37, hewa ikiwa na kabonidayoksaidi asilimia 5. Kwa kuwa gegedu halina mishipa ya damu, hujilisha kwa kufyonza, hivyo huweza kuishi wiki kadhaa nje ya mwili.

Baada ya hapo wanalichokoza. Wanatia interlukini-1, kemikali ya uchochezi ambayo hata miili yetu huitengeneza, na gegedu huanza kujimeng'enya. Mabaki huvujia kwenye yale maji. Ukitia rangi maalumu, unapima kiasi kilichopotea. Kisahani cha jirani kina uchokozi uleule pamoja na dawa inayojaribiwa. Hapo ndipo wanapolinganisha.

Kwa nini ng'ombe na siyo mtu? (Kongwa)

La mtu pia hutumika. Anayebadilishiwa goti kwa upasuaji akiridhia, lile la zamani huenda maabara badala ya kutupwa. Tatizo, limeshaugua, na kila mtu na goti lake. Ng'ombe wa machinjioni mara nyingi huwa bado na umri mdogo na wazima. Wengine hutoa seli za gegedu peke yake, nazo zina deko: ukizitandaza kwenye sahani bapa husahau kazi yake, kwa hiyo hufungiwa ndani ya jeli ya mwani wa kahawia. Siyo ule wa Zanzibar.

Dawa zikifaulu huko, mbona hospitalini sipewi? (Chang'ombe)

Kisahani hakipandi bodaboda wala hakibebi ndoo. Goti lina utando, ute, mfupa na misuli, vyote vinasemezana. Wapo wanaokibana kipande kwa mashine kuiga hatua za mtu, na wanaokiweka pamoja na utando. Bado ni mbali. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha gegedu lililosagika, hata yule wa kipaza sauti mnadani aape vipi.

Bamia na kongoro vinaongeza ute wa magoti? (Mama wa Mpwapwa)

Shikamoo mama. Ute wa bamia unaishia tumboni. Wa goti hutengenezwa na utando wake wenyewe. Kula kwa utamu tu. Imarisha misuli ya mapaja kwa mazoezi, punguza uzito kama umezidi, na muulize mfamasia dawa ya kupaka. Ila goti likivimba ghafla likawa la moto, na homa juu, usingoje mnada upite. Nenda hospitali siku hiyohiyo.