Jibu: Malengo kumi kila Januari, Machi halijabaki hata moja

Mkuu, umesema kila Januari unaandika malengo kumi na ikifika Machi umeshayasahau yote. Kumi ni mengi mno. Bakiza mawili, mengine yasubiri.

Halafu "nisome zaidi" si lengo, ni matamanio tu. Liandike hivi: nikishapiga mswaki usiku, nasoma kurasa tano kabla sijashika simu. Hapo kuna cha kukukumbusha, na ni jambo dogo kiasi kwamba hata ukiwa hoi utalifanya. Mimi kitabu nakiweka juu ya mto kabisa, silali bila kukigusa.

Na achana na habari za kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa University College London uliotoka 2009 ulikuta jambo huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea. Kwa wengine 18, kwa wengine ilikadiriwa hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, Jumatano endelea, usingoje Januari nyingine (ugonjwa huo nilikuwa nao mimi miaka mingi).

Sasa tuambie, katika hayo kumi unabakiza yapi?