Rekodi za EEG kati ya Kisumu na Eldoret

Dadangu, umeuliza mtagawanaje rekodi za EEG (vipimo vya umeme wa ubongo) kati ya Kisumu na Eldoret bila kutumiana flashi kwa matatu. Anzeni na majina ya faili, tafadhali! Fuateni BIDS, mpangilio wa kupanga na kutaja faili za data za ubongo uliotoka 2016: sub-01_task-rest_eeg.edf, na kila mtu anajua ni mshiriki yupi na alikuwa akifanya nini. Sisi tulikuwa na faili tatu zilizoitwa "mwisho_kabisa", wiki nzima ikapotea tukitafuta iliyo sahihi. Kisha tumieni DataLad, programu ya kutunza na kugawana data: inatunza historia ya mabadiliko, na unapakua faili unayoihitaji tu, bando lisiishe. OpenNeuro, hifadhi ya data za ubongo mtandaoni, ni bure, ila iko wazi kwa dunia nzima. Futeni jina la mgonjwa hata kwenye kichwa cha faili ya EDF (sehemu ya mwanzo ndani ya faili yenye taarifa za rekodi), huko husahaulika sana.