Maswali ya wazazi: darasa dogo lina faida?

Mwanangu yuko darasa la pili. Nimepata shule yenye watoto 18 darasani, ila ada ni karibu mara mbili ya ninayolipa sasa. Kuna tofauti kweli au ni biashara tu? (Mama, Tabata)

Tofauti ipo, mama, ila uchache wa watoto peke yake haufundishi. Chukua 52 kutoa 17. Mtoto anaandika 45. Kwenye darasa la watoto 90 atawekewa kosa na daftari litarudi kwenye begi. Mwalimu mwenye watoto 18 anaweza kumwita mezani: "Hii umeipataje?" Hapo ndipo atagundua kwamba mtoto ameona mbili kutoa saba haiwezekani, akageuza akatoa mbili kwenye saba. Hajui kukopa, basi. Likionekana leo linarekebishika. Lisipoonekana atahangaika nalo hadi madarasa ya juu.

Jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza kulipima jambo hili mwaka 1985: watoto wa chekechea hadi darasa la tatu, wengine wakiwekwa 13 hadi 17 darasani, wengine 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma na hesabu, na watoto wa familia maskini ndio walionufaika zaidi. (Hilo darasa "kubwa" lao, Dar tungeliita dogo.)

Kabla hujalipa, omba kuona madaftari. Ukikuta vema tupu ukurasa baada ya ukurasa, hakuna masahihisho wala "njoo unione", hapo utakuwa unalipia nafasi ya kukaa tu.

Ada za binafsi siziwezi. Darasa la mwanangu, shule ya serikali, lina watoto zaidi ya mia. Nifanyeje? (Baba, Mbagala)

Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo mwalimu wa mwanao anabeba mzigo wa watu wawili. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walijaa, na ni jambo jema, ila vyumba na walimu havikwenda kwa kasi hiyo. Nenda kamwone ukiwa na daftari mkononi, siyo malalamiko, umuulize kitu kimoja: mtoto amekwama wapi? Nyumbani amsomee dada yake kwa sauti kila jioni.

Na tuisheni ya watoto 50 bandani usiikimbilie. Ni darasa lile lile, limehamia jioni.

Kuna shule ndogo imefunguliwa kwenye nyumba ya kupanga hapa jirani. Niiamini? (Mlezi, Kimara)

Omba namba ya usajili ya Wizara ya Elimu, kisha ihakiki kwa afisa elimu kata. Wakianza kujiumauma, ondoka. Mwanao akifika darasa la nne atatakiwa kufanya upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani), na huo si wakati wa kuanza kuulizana.

Mjukuu wangu anasoma shule ya watoto wachache, walimu wote wanamjua kwa jina. Sekondari si atapotea? (Bibi, Kinyerezi)

Shikamoo bibi. Mwanzoni atayumba, lakini mtoto aliyezoea kusema "mwalimu, sijaelewa" hanyamazi kirahisi. Mimi ningehofia zaidi marafiki: akigombana na wawili kwenye darasa la watoto kumi, amebaki na nani? Timu ya mpira nayo haitimii. Basi jioni mwache atoke, awe madrasa, kwaya au uwanjani na watoto wa mtaa, hata akirudi na vumbi.