Matumizi ya watoto baada ya talaka: nitoe kiasi gani?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Mimi ni dereva wa daladala, naishi Mbagala. Nimeachana na mke wangu, watoto wawili anao yeye huko Temeke. Nasikia kuna asilimia ya kipato ambayo baba anapangiwa. Ni ngapi? Mwenzangu ana genge, siku nyingine anaingiza kunishinda. Tena kaposwa; akiolewa si huyo mume atawalisha? Tangu niliposikia habari hiyo nimesimamisha kutuma.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Asilimia hiyo haipo, si kwenye fiqhi (sheria ya Kiislamu) wala kwenye sheria ya nchi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, matumizi ya mtoto ni kiasi cha kumtosha. Hindi, mke wa Abu Sufyan, alipomshtakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe, aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema; hakutajiwa idadi ya dirhamu. Na uwezo wako unatazamwa pia: "Mwenye wasaa agharimu kadiri ya wasaa wake" (At-Talaq, 65:7).

Wewe huna mshahara. Unamkabidhi tajiri hesabu yake, gari likilala gereji hurudi na kitu. Basi usiahidi fungu la mwezi litakalokushinda. Kaeni na wazee wa pande zote mbili, piga hesabu ya unga, mboga, kodi ya chumba, sare na michango ya shule, kisha toa kila jioni au kila wiki. Tuma kwa simu, kumbukumbu ibaki.

Genge la mama yao ni mali yake. Akisaidia ni hisani. Baba mwenye uwezo ndiye mdaiwa. Hapa mahakama inatazama kwa upana zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mkishindwana, afisa ustawi wa jamii atawasikiliza, na shauri laweza kufika Mahakama ya Watoto.

Kuolewa kwake kunaweza kufungua mjadala wa nani akae na watoto. Matumizi hayaguswi. Baba wa kambo hana wajibu huo, na hao ni damu yako! (Nina shaka kilichokuuma ni posa zaidi kuliko genge.)

Ulichosimamisha nacho kina hukumu yake. Wanazuoni wa Shafi wanasema matumizi ya mtoto yaliyopita hayawi deni ila kadhi awe ameyapitisha au ameruhusu kukopa kwa ajili yake. Usijifiche humo. Kukatisha chakula cha mtoto ukiwa na uwezo ni dhambi, inahitaji toba. Muulize mama yao amekopa dukani kiasi gani kwa ajili yao, uanze kulipa hapo.

Wallahu aalam.